Kisanduku cha Kijivu

"Niandike nimekufa," shangazi alisema, pini mbili zikiwa mdomoni. "Weka tarehe yoyote. Hata jana."

Uvumilivu ulikuwa umenishinda. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu, kompyuta yangu juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, nikihamisha ukoo mzima kutoka kwenye madaftari yake kwenda kwenye tovuti ambayo ndugu wote waliweza kuifungua. Watu mia tatu na kumi na wawili. Kwa kila mmoja tovuti iliuliza kama si mtu yuleyule ambaye binamu zangu walikwisha kumwingiza humo, nami nikamuuliza shangazi, naye akaanza na ugomvi wa mtu huyo na mama mkwe wake, kisha gauni ambalo yeye shangazi alimshonea. Jibu lenyewe, ndiyo au hapana, lilikuja baada ya nusu saa.

Tulipofika kwake yeye, tukakwama. Tovuti ilificha walio hai. Pale palipostahili jina lake, na picha aliyoichagua kwa siku nne, palikaa kisanduku cha kijivu: Aliye hai.

"Ni sheria yao, shangazi. Wanakulinda."

"Wananilinda na nani? Miaka arobaini nauliza watu babu zao. Sikuzaa. Nani atanijua humo?"

"Nikiandika umekufa, watu watapiga simu za pole."

"Wapige! Wengine hawajanipigia tangu waolewe, na nguo za harusi niliwashonea mimi."

Nikampandishia sauti. Nilimwambia ananichosha, kwamba mimi siandiki uongo. Mtu aliyenilea tangu nina miaka sita! Naona aibu mpaka leo. Alinuna siku mbili, huku akinisogezea chai.

Alifariki mwaka uliofuata. Wiki moja baada ya mazishi niliketi kwenye meza ileile, nikaandika tarehe. Tovuti ikauliza kama nina hakika. Nikaitukana kwa sauti, peke yangu, kisha nikabonyeza ndiyo.

Akatokea. Majina yote matatu, na ile picha, futi ya kupimia nguo shingoni, akitazama kama mtu aliyecheleweshwa.

Chini yake tovuti iliuliza kama nataka kuongeza mtoto. Kulikuwa na nafasi ya mtoto wa kulea. Nikaandika jina langu lote, polepole, nikahifadhi.

Kikatokea kisanduku cha kijivu: Aliye hai.