Nyumba ya Mwisho Kwenye Ukanda Mwekundu

Mchora ramani ya mafuriko alibakiza nyumba moja tu ya kusahihisha kwenye ukanda mwekundu, ule unaopigwa kwanza na mawimbi: nyumba yake. Ramani ya zamani ilisema wakazi watano. Akafuta, akaandika mmoja. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na watoto walishakwenda zao, hata simu hawapigi.

Kisha fomu ya nyumba hiyo ikadai namba ya simu ya ndugu wa kupigiwa, mwenye nyumba asipoonekana baada ya maji kupungua. Akaumiza kichwa weee, mwishowe akaandika ya ofisini.

“Mzee, hii si simu iliyo mezani kwako?” aliuliza karani wa meza ya pili. “Ukipotea wewe, nani atapokea?”

“Aa, unanisumbua bure!” akafoka. Kisha, bila kumtazama: “Si itaita? Wewe utaisikia.”