Jiwe la Mgeni Rasmi

Fundi cherehani alikuwa anammenyea mumewe chungwa, kitanda cha nne dirishani, sista alipokuja kusema mashine ya leza imefika. Ilikuwa chumba cha pili, imefunikwa shuka. Kazi yake kuvunja mawe ya figo: uzi mwembamba unapitishwa njia ya mkojo hadi kwenye jiwe, mwanga unalisaga, mgonjwa anakojoa unga, anarudi kwake. Nusu saa tu, bila kisu.

"Basi ni leo?"

"Leo hapana, mama. Haijazinduliwa. Tunasubiri mgeni rasmi."

Mgeni rasmi alikuwa safarini. Wiki ya kwanza jiwe lilitoka kwenye figo likaingia kiunoni. Mke aliligundua akimwogesha, sponji ilikwaruza. Daktari akagonga kwa kalamu, ko ko, akaandika kwenye faili: linaenea. Wiki ya pili tumbo na mapaja yakawa jiwe.

"Sasa ukinifinya unaumia wewe," mume alisema. Alikuwa mchora mabango, na utani ulikuwa kazi yake ya pili. Lakini maumivu hayakugeuka jiwe. Sista akikaribia, mume aling'ata mto asisikike akilia.

Mke alimsubiri daktari koridoni.

"Daktari wangu, nusu saa tu. Sitamwambia mtu."

"Dada yangu, mlangoni kuna utepe. Nikiukata mimi, mgeni atakata nini?"

Utepe huo mke aliujua. Kwa kuwa alishinda pale kutwa na mikono mitupu, hospitali ilimpa aupinde ncha, pamoja na kipazia chekundu cha kufunika bamba lenye jina la mgeni.

Siku ya uzinduzi, kilichobaki nyama kilikuwa kichwa. Bamba halikufika, mchongaji wake alikuwa amepata kazi nyingine. Mganga mkuu akatazama kitanda cha nne. Kifua kilikuwa kipana, hakina ufa. Wahudumu sita walimbeba mchora mabango, wakamsimamisha ukutani. Mgeni akakata utepe, makofi yakapigwa, na leza ikawashwa kwa mara ya kwanza. Iliandika kifuani jina la mgeni, cheo chake na tarehe. Wote walikubali kwamba mashine ni nzima. Kipazia kilimkaa sawasawa, kama aliyepimwa.

Wageni walipokwenda kunywa soda, mke alikivuta.

"Herufi zimenyooka?" mume aliuliza.

"Zimenyooka, baba watoto."

"Ya mwisho hawakuibana?"

"Kidogo."

"Nilijua tu," alisema, na mdomo nao ukawa jiwe.

Jumatatu hospitali ilimpa mke kitambaa na ndoo. Si alikuwa anakuja kila siku hata hivyo? Kitanda cha nne alilala mwanamume mwingine, ameshika ubavu.

"Sista, si nasikia mashine ipo?"

"Ipo, baba, tumeifunika. Mwezi ujao anakuja mgeni kuzindua jengo."

Mke alikamua kitambaa, akaanza na herufi ya kwanza.