Singo Kushoto, Albamu Kulia

Mume wangu Norbert anaweza kununa siku nzima kwa sababu ya sekunde kumi na moja. Simsengenyi, hata yeye anajua. Enzi za ujana wetu wimbo ulikuwa unatoka mara mbili. Kulikuwa na singo, ile santuri ndogo iliyofupishwa ili redio ziipige, na kulikuwa na albamu, ambamo wimbo uleule uliongezewa ubeti, au gitaa refu, au mwisho mwingine kabisa. Sisi wa Fort Wayne tulichumbiana na kuachana kwa singo. Kisha zikaja CD, na kampuni zikaanza kukusanya nyimbo za zamani na kuandika kwenye jalada kwamba huu ndio wimbo uliousikia redioni. Unauweka, kumbe ni ule wa albamu. Watu wengi wanasikiliza tu huku wanaosha vyombo. Norbert anaandika barua.

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akitoa jarida dogo la kurasa nane, analipiga chapa mwenyewe na kuwatumia wanaume sitini na kitu wa Indiana, Ohio na Illinois, ambao nao wananuna kwa sekunde. Ndani yake anawaambia CD ipi ina singo ya kweli na ipi inadanganya. Namna yake ya kupima aliibuni mwenyewe. Mashine mbili, hedifoni moja: singo inaingia sikio la kushoto, CD inayopimwa inaingia sikio la kulia, anaziwasha kwa pamoja. Zikiwa sawa, wimbo unatulia katikati ya kichwa kama mtu aliyekaa kitini. Zikiachana, unasikia upande mmoja unachomoka. Aliwahi kunifundisha watoto walipohama, na mimi nikamwambia nina nguo za kuanika.

Sasa niseme lililokuwa likiniuma. Jumamosi huwa tunakwenda pamoja kwenye minada ya santuri katika miji ya jirani, Muncie, Lima, wakati mwingine Dayton. Yeye anaendesha, mimi naongea. Ndivyo tulivyoishi miaka thelathini na minane. Vuli ile, mwaka tisini na nane, akaacha kunijibu. Nilimweleza jinsi dada yangu Lucille anavyoumwa nyonga, kimya. Nilimweleza paa la veranda linavyovuja, kimya. Nyumbani anajibu vizuri tu, mezani nikiwa pale kushotoni kwake karibu na jiko tunapiga soga na kutaniana. Kwa hiyo nikajua si masikio. Nikaona ni mimi. Nyumbani anavumilia, nikasema moyoni, lakini tukiwa wawili barabarani hana la kuniambia.

Siku moja tukirudi kutoka Lima nikajikaza. Nikasema, "Norbert, kama umenichoka sema tu."

Akawasha indiketa, akapinda kuingia kituo cha mafuta. Hakunitazama. Mimi nikalichukulia hilo kuwa ndilo jibu. Tangu siku hiyo nikawa nabeba vitambaa vyangu vya kufuma, na tulikwenda na kurudi kwa miezi minne bila mimi kufungua mdomo. Nilikuwa naogopa, na sitaki kujifanya sikuwa naogopa. Nilikuwa na miaka sitini na mbili na nilidhani mume wangu ananiacha akiwa bado amekaa pembeni yangu.

Halafu Ijumaa moja ya Kwaresima simu ikalia. Norbert alikuwa parokiani na wenzake wanakaanga samaki, mimi nimebaki naoka pai za kuwapelekea. Aliyepiga alikuwa Duane Pruitt wa Dayton, msomaji wake wa siku nyingi.

"Shemeji, Norbert hajambo?"

"Hajambo. Kwani kafanya nini?"

"Umelisoma jarida la safari hii?"

"Duane, mimi silisomi. Mimi nabandika stempu."

"Basi sikiliza. Kapima nyimbo thelathini na moja. Zote kaandika ni sawa mwanzo mpaka mwisho. Zote, shemeji. Kuna mmoja kwenye CD umejaa saksafoni, wakati kwenye singo hakuna saksafoni hata ya dawa. Jamaa wanacheka. Wengine wanasema mzee apumzike, jarida nilichukue mimi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimeona nimpigie mkewe kwanza."

Nikamwambia hao wanaocheka wajaribu kulitoa wao kwa mwaka mmoja ndipo tuongee, kisha nikamshukuru na kukata simu. Kumcheka Norbert ni kazi yangu, sijatangaza nafasi ya msaidizi.

Nikashuka chumba cha chini na unga mikononi. Singo ya wimbo ule alioutaja Duane ilikuwa bado mezani, na CD pia. Nikavaa hedifoni, nikawasha mashine zote mbili kama alivyonifundisha. Kweli wimbo ukatulia katikati ya kichwa. Ulipokwisha ubeti wa pili, saksafoni ikaingia sikio la kulia peke yake, kubwa, haina haya. Kushoto mwimbaji anaendelea zake na wimbo. Nikarudia mara tatu. Haikuwezekana mtu aikose, isipokuwa mtu ambaye kulia hakuna kitu kinachoingia.

Nilikaa kwenye ngazi. Nikaliona gari letu: Norbert kushoto kwenye usukani, mimi kulia kwake, naongea na sikio lile lile. Nikakiona na kituo cha mafuta. Nikalia pale na mikono yangu ya unga, na kusema kweli sikuwa nalia kwa ajili ya sikio.

Aliporudi ananuka mafuta ya samaki, nilimfuata kwa nyuma, nikasimama upande wa kulia wakati anatundika koti. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Norbert, nakwenda kuolewa na Duane."

Akatundika koti. Akalitengeneza na kola.

Nikazunguka kushoto. "Norbert."

"Naam. Mbona pai hukuzileta?"

"Hilo sikio la kulia halisikii tangu lini?"

Akakaa kwenye kiti cha kuvulia viatu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake akalisahau. "Linavuma tu," akasema. "Tangu Septemba. Nilidhani ni nta."

"Na nyimbo thelathini na moja?"

"Zina nini?"

Nikamwambia ya Duane, yote, pamoja na saksafoni. Alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Verna," akasema mwishowe, "mimi nilidhani kampuni zimetubu."

Hapo nikakumbuka kwamba msimu wote wa baridi alikuwa akipanda kutoka chini anapiga mluzi. Maskini alikuwa na furaha. Miaka kumi na miwili ya barua, alidhani hatimaye wamemsikia.

Daktari alisema mshipa wa fahamu wa sikio lile umekufa na haurudi. Norbert alimshukuru kwa adabu. Siku ya pili nikaikuta mashine ya chapa ina karatasi ya kuwaaga wasomaji, mistari minne, imeandikwa vizuri mno. Nikaichomoa, nikaigeuza, nikaandika nyuma orodha ya vitu vya dukani.

"Hiyo ilikuwa barua yangu," akasema.

"Sasa ni mayai na sabuni. Nenda chini."

Akaunganisha hedifoni ya pili kwa mkono wake, maana kwa nyaya hajambo. Yeye akachukua singo kwenye sikio lake zima, mimi nikachukua CD. Tulikaa bega kwa bega mbele ya mashine, akahesabu moja, mbili, tatu. Tulikubaliana kila mmoja agonge ngoma anayoisikia kwa kidole kwenye kiganja cha mwenzake. Maadamu vidole vilikwenda pamoja, wimbo ulikuwa mmoja. Saksafoni ilipoingia, ngoma ya upande wangu ikabadilika, vidole vikapishana, na yeye akanishika mkono mzima akasema, "Hapo." Tulizipima zote upya kwa wiki tatu. Ishirini na saba hazikuwa sawa. Aliandika ukurasa wa kwanza wa jarida makosa yake yote, moja baada ya moja, na chini akaweka majina yetu mawili. Jina langu alilitanguliza bila kuniuliza, na mimi nikajifanya sikuona.

Lakini la gari nilikuwa sijamwambia. Nililiweka mpaka Jumamosi ya kwanza ya Aprili, tulipokuwa tunatoka kwenda Dayton. Nikanyoosha mkono, nikataka funguo.

"Leo naendesha mimi."

"Goti lako je?"

"Goti langu halikuulizi. Ingia."

Akaingia upande wa kulia, akahangaika na mkanda kwa sababu hakuzoea kuukuta upande ule. Sikio lake la kushoto likawa kwangu. Tulipotoka nje ya mji, mashamba bado meusi kabla ya kupandwa mahindi, nikasema nikiwa naitazama barabara, "Norbert, kama umenichoka sema tu."

Aligeuka mwili mzima kitini. "Nani kakwambia nimekuchoka?"

"Nilikuuliza Novemba. Ukakata kona ya kwenda kutia mafuta."

Hakujibu upesi, na safari hii nilijua amesikia. Akavua kofia, akaiweka magotini. "Miezi yote ile umenyamaza," akasema, "mimi nikajua ni wewe umenichoka. Nikasema nisikusumbue."

Nikashika usukani kwa mkono mmoja, ule mwingine akauchukua yeye.

"Haya," akasema, "anza. Yote ya tangu vuli. Lucille anaumwa nini?"

Kutoka kwetu mpaka Dayton ni maili mia na kumi. Hazikutosha, tukakaa garini uwanjani nje ya mnada mpaka nikamaliza.