Fajr Hana wa Kucheza Naye

Mimi mkali, sikatai. Mke wangu Mwanamize husema nimezaliwa na pilipili mdomoni, na mimi humjibu kwamba mtu anayepakia watoto wa kike ishirini na sita ndani ya basi moja kila asubuhi, akiwa mpole, watamkalia kichwani. Miaka tisa nimewapeleka watoto wa Ansab skuli yao Ghubra. Miaka tisa hakuna aliyeanguka, hakuna aliyepotea. Nikipiga ukelele mmoja tu, "Kimya!", husikii hata chafya. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo nilivyolelewa mimi Unguja. Basi nikijiona hakuna dereva kama mimi Maskati nzima. Nakuambieni haya mapema ili mjue ni mtu wa namna gani aliyetetemeka Jumatatu ile ya mwezi wa Mei, mwaka elfu mbili na tatu.

Katika watoto hao walikuwemo wawili wa mtaa mmoja, darasa moja, la tatu. Nyumba zote mbili ni watu wetu, Kiswahili ndani, Kiarabu skuli. Mmoja Fajr, ana mabega ya mbeba magunia na mkono mwepesi. Wa pili Shahad, mtoto wa Bi Mahbuba, kijitu kidogo, hata kiti hakijai. Fajr akimtesa Shahad. Humfinya, humvuta mtandio, humsukuma akaanguka chini baina ya viti. Nikiyaona yote kwenye kioo. Dawa yangu ilikuwa moja, napiga ukelele, na wote wawili wanaufyata, aliyepiga na aliyepigwa. Nani kaanza sikuwa na haja nalo. Kelele ni kelele.

Ilipoingia Machi, Shahad akawa hasemi. Hajibu salamu, hali alichofungiwa, kichwa kaegemeza dirishani kwenda na kurudi. Ndipo siku moja Abla Wadha, mwalimu anayeangalia hali za wanafunzi, akanifuata langoni. Abla huyu mamake mzaliwa wa Bujumbura, na Kiswahili chake ni kile cha bara, kila neno limepigwa pasi.

"Ammi Harub, mtoto huyu ana huzuni. Si deko, ni ugonjwa. Na akiachwa, utamla."

Nilicheka, Mungu anisamehe. "Huzuni? Ana miaka minane! Ana mume mlevi huyu? Kafukuzwa kwao? Sisi tulikuja huku na nguo tulizovaa, abla, na hakuna aliyetupa dawa ya huzuni."

Akaningoja nimalize. Kisha akanieleza mpango wake. Kila Jumatatu na Jumatano, kipindi cha tatu, darasa zima linatolewa uwanjani kwenda kucheza. Ati kucheza! Kila mtoto kapewa mwenziwe, na hachagui mwenyewe, anachaguliwa. Fajr kapewa Shahad. Wanacheza nage, ule ule wa kukwepa mpira tuliokuwa tukiucheza vichochoroni Unguja, lakini yeye kautia sharti lake: akipigwa mmoja, mwenziwe naye nje. Kwa hiyo Fajr akitaka kushinda, na Fajr hupenda kushinda kuliko kula, lazima amkinge Shahad. Na asiyekuja mwenziwe siku hiyo hachezi, hukaa chini akatazama.

"Uwanjani ugomvi umepungua," akasema. "Umebaki kwenye basi. Nakuomba mambo mawili tu. Wenza wakae pamoja, na wakishuka washuke wawili wawili, kila mmoja amtaje mwenziwe kabla hujafunga mlango."

"Mimi dereva, si yaya," nikamwambia. "Mchezo wako uchezee uwanjani kwako." Nikatia gia nikaondoka, na njia nzima nimevimba kwa kujisifu kuwa nimemkomesha.

Sasa Jumatatu yenyewe. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimevalisha viti vitambaa vipya, rangi ya maziwa. Ndiyo, rangi ya maziwa, kwenye basi la watoto! Mwanamize alinionya, nikamwambia ashike jiko lake. Basi tunakaribia skuli, nikasikia "aah!" huko nyuma. Kutazama kiooni, juisi ya embe imemwagika kiti kizima, na pakiti iko mkononi mwa Shahad. Nani kamsukuma sikuuliza. Fajr alikaa nyuma yake, jawabu lilikuwa wazi, lakini mimi niliona kitambaa changu tu.

Nikanguruma. "We Shahad! Hushuki katika gari hii mpaka usafishe! Umesikia? Mpaka nisione doa!"

Maneno ya namna hiyo hunitoka kumi kwa siku, hata mwenyewe siyasikii. Nilipofika langoni nikafungua mlango, watoto wakamiminika, mimi bado nanung'unika kuhusu vitambaa. Nikatupa jicho kiooni, sikuona kichwa juu ya viti. Nikafunga mlango, nikarudi zangu Ansab. Nikaliegesha basi kivulini mwa ukuta, nikalitia ufunguo. Mapazia yamefungwa, ndio desturi yetu kwa jua la huku. Madirisha niliyakaza skurubu kwa mikono yangu mwenyewe mwaka uliopita, maana watoto wakitupa maganda njiani. Nikachukua mpira wa maji nikamwagilia ndimu zangu, nikanywa chai na mkate wa ufuta, nikajilaza chini ya baridi ya esii.

Saa tatu kasorobo simu ikalia. Abla Wadha. Nyuma yake nasikia mtoto anapiga makelele ya kilio.

"Ammi Harub, Shahad kaja na basi leo?"

"Wote wamekuja, wote nimewashusha."

"Darasani hayumo tangu kengele. Nilidhani anaumwa yuko kwao."

"Basi yuko kwao."

"Fajr anasema kaja."

"Fajr!" nikaruka. "Fajr muongo, mgomvi, huyo ndiye unayemsikiliza? Mimi miaka tisa, abla, miaka tisa sijapoteza mtoto..."

"Fajr ndiye huyu anayelia," akanikata. "Leo tunacheza na darasa la pili, na nimemwambia akae chini kwa kuwa hana mwenziwe. Karusha viatu. Anasema hakai, mwenziwe yupo, alikuwa mbele yake kwenye basi anapangusa kiti."

Hakuwa akilia kwa huruma, mtoto yule. Alilia kwa kuwa hachezi. Lakini neno lile la kupangusa kiti liliniingia. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, kama mtu kaniwekea kanda: hushuki mpaka usafishe.

Simu niliitupa wapi sijui. "Mwanamize! Ufunguo! Ufunguo wa gari!" Ulikuwa mfukoni mwangu, na mimi napindua mito. Nikatoka miguu mitupu, changarawe zinaniunguza. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimekwisha ondoka zamani. Basi zima liko juani, bati linang'aa, mapazia yametulia, hakuna kinachotikisika. Nilivyokuwa nikikimbia nikimwomba Mungu: nichukulie macho, nichukulie gari, mtoto wa watu usinichukulie mikononi mwangu. Nikafika mlangoni. Mkono wa mlango umepata moto, unachoma kiganja.

Hapa nataka niseme kweli, kwa sababu hakuna aliyeniona. Nilisimama. Ufunguo uko tunduni na mimi nimesimama, pumzi tatu, nne, labda zaidi. Mtoto yumo ndani anaungua na mimi nimesita kwa sababu naogopa kuona. Nilijiona ninapeleka maiti kwa Bi Mahbuba. Nilijisikia ninamwambia maneno. Natetemeka, mtu mzima wa miaka hamsini na nane. Kama Mwanamize hakunipigia kelele kutoka barazani, "Fungua, mwanamme, umeganda nini!", sijui ningelisimama mpaka lini.

Nikafungua. Joto likanipiga usoni hata nikarudi nyuma. "Shahad!" nikaita, na nilivyotaka kuita kwa upole sauti ikatoka ile ile ya kila siku. Kimya. Nikapita viti, kimoja, kimoja, naangalia chini, kila kiti kitupu. Cha pili kutoka mwisho, hapo chini, kajikunja. Mtandio kauvua, kaufanya kitambaa cha kufutia, umejaa rangi ya embe, na bado kaukamata. Nywele zimemganda usoni. Midomo imemkauka, macho nusu yamefunguka, hayatazami kitu. Nikasema basi, kafa, nimemuua.

Nikaweka sikio kifuani. Nikasikia moyo wangu mimi. Nikajizuia kupumua, nikasikiliza tena, na ndani kabisa, mbali, nikausikia wake.

Nilimtoa vipi sikumbuki. Mwanamize alimpokea, akamvingirisha kanga iliyoroweshwa maji, akawa anamtia matone mdomoni huku ananisomea mimi maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu. Tukaingia basi lile lile, yeye kampakata, mimi nyuma ya usukani. Kutoka Ansab mpaka hospitali si mbali, lakini siku ile kila taa ilikuwa nyekundu, na kila mara nikimwuliza, "Anapumua?" Naye akinijibu, "Endesha!" Mara moja hakunijibu. Nikapita taa nyekundu.

Wakamchukua, wakamtia maji ya dripu, barafu kwapani, mlango ukafungwa. Daktari alipotoka alisema nusu saa zaidi tungezungumza mengine. Sikumwuliza mengine gani.

Adhuhuri Shahad akafumbua macho. Bi Mahbuba alikuwa keshafika kutoka ofisini kwake, buibui kalivaa nyuma mbele, akamwangukia mwanawe akalia mpaka akakosa sauti. Halafu, loh, akanigeukia mimi. Nilidhani atanirukia, na nilitamani anirukie.

"Mungu akulipe kheri, ammi Harub," akasema. "Wameniambia wewe ndiye uliyemkuta. Wewe ndiye uliyembeba. Sitakusahau mpaka nife."

Mnajua nilijibu nini? Nilisema, "Amin." Nikatazama chini nikasema "Amin," mimi mwenye mdomo mrefu kuliko wote. Niliogopa. Hofu ya mlangoni mwa basi ilikuwa ya mtoto kufa, na hii ilikuwa ya nafsi yangu, ya jela, ya kusemwa mtaa mzima. Na nakuambieni, hii ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Aibu iliyoje.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Abla Wadha na Fajr. Fajr alikuwa kakataa kurudi nyumbani mpaka amwone mwenziwe. Hakusalimu mtu. Akapanda kitandani na vumbi lake la uwanjani, akakaa ubavuni mwa Shahad, akamwambia, "Tumefungwa kwa sababu yako." Shahad akatabasamu. Tangu Machi nimempakia, meno yake nilikuwa sijayaona.

Mamake akamshika shavu. "Ilikuwaje, mwanangu? Ulilala kwenye gari?"

Shahad akanitazama mimi, si mamake. Tabasamu likaondoka.

"Nililala," akasema.

"Usingizi wote huo? Hukuamka? Hukumwona mtu ukagonga dirisha?"

"Nilimwona ammi. Alikuwa anamwagilia miti."

Nikashika ukuta. Hatua kumi na tano tu baina yetu. Mimi na mpira wa maji mkononi, napiga mluzi, na yeye nyuma ya pazia ananitazama.

"Sasa mbona hukumgongea?" mamake akauliza.

Shahad akawa anachuna ukingo wa shuka.

"Muongo!" akaruka Fajr. "Hukulala! Kakwambia usishuke..." Akaninyooshea kidole. "Yeye! Yeye ndiye..."

Shahad akainua mkono, ule wenye sindano ya dripu, mpira unaning'inia, akamziba Fajr mdomo.

"Nyamaza, Fajr," akamnong'oneza. "Atatugombeza."

Wakubwa wote wakanigeukia. Bi Mahbuba bado mkono wake mmoja uko shavuni mwa mtoto. Nikafumbua mdomo, na nikaisaka sauti ndogo, ndogo kabisa, isiyomshtua mtu, ambayo sijawahi kuitumia.

"Fajr kasema kweli," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia asishuke."

Sauti ilitoka ndogo kama nilivyotaka. Lakini Shahad alikuwa keshajificha nyuma ya bega la Fajr.