Mita Haijasimama

"Kikombe kimoja, dakika tatu nzima!" Kaka alikuwa anafoka katikati ya jiko, kikombe chenyewe kakiinua juu. "Halafu mtu anaitwa injinia! Injinia wa nini, wa machozi?"

"Bomba langu halina shida!" mdogo wake akajibu.

"Basi maji yanaona aibu kutoka, eeh?"

"Jamani, taratibu," mama akasema, hajainua macho kwenye sinia la mchele aliokuwa anachambua.

Injinia lilikuwa jina la utani la kitinda mimba wao. Mama ndiye aliyempa, siku alipomaliza kulaza bomba kutoka kwenye mita mpaka jikoni kwa mikono yake mwenyewe, shule kaimaliza juzijuzi tu. Maji yalikuja kwa kasi mpaka ukifungua koki unalowa kifua. Fundi bomba wa mtaa alisikia, akasema Jumamosi angekuja kulikagua, na likimridhisha anamchukua kazini. Kijana hakulala vizuri siku mbili kwa furaha.

Ndipo maji yakaanza kuchuruzika kama yanalazimishwa. Na jana fundi kamsimamisha njiani: "Mama yako kaniambia ukweli, bomba lako linasumbua. Jifunze kwanza, bwana mdogo. Nimeshaongea na mwingine, anaanza Jumatatu."

Kwa hiyo leo kaamka na spana. Kafungua koki ya jikoni, kasafisha kichujio: kisafi. Kaenda bafuni: maji yale yale ya kusuasua. Basi ugonjwa hauko kwenye koki. Koki kubwa ya pale kwenye mita iko wazi mpaka mwisho. Majirani nao wanapata maji vizuri. Akafunga kila koki ya nyumba, akachuchumaa mbele ya mita. Kile kigurudumu kidogo kilikuwa kinazunguka mbio, kama kimekimbizwa na mbwa.

"Nimefunga koki zote," akamwambia kaka sasa, pale jikoni, "na mita haijasimama."

"Si umeona? Linavuja!"

"Lingevuja, udongo ungelowa. Nimechimba njia yote, mkavu. Ila nyuma ya chumba chako nimekuta kiungo ambacho si changu. Mimi sipaki gundi kama napaka siagi. Kimetoa bomba jeusi, limepita chini ya ukuta, limeenda pale unapooshea magari ya watu, na mpira wake umeuacha unamwaga mpaka sasa."

Kaka akakiweka kikombe chini.

"Sema sasa! Siku zote hizi unanicheka, kumbe maji unayanywa wewe!"

"Usimfokee mwenzio," mama akasema. "Mimi ndiye niliyemruhusu aunge."

Kijana akamgeukia taratibu. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulipomwambia fundi bomba langu linasumbua?"

"Fundi anafanya kazi na watu wa maji, mwanangu. Angekuja kukagua angeona lile bomba jeusi, na kuosha magari ya biashara kwa maji ya nyumbani wamekataza. Wangetukatia. Kaka yako ana watoto wawili. Wewe bado mdogo, kazi utapata."

"Mama, ungeniambia mimi. Ningelifunika, ningelizungusha, ningejua la kufanya. Umeenda kuniharibia jina kwa mtu mmoja tu aliyekuwa ananitaka."

Mama akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Twende ukamwambie ukweli. Sasa hivi, kabla ya Jumatatu."

"Tutaona kesho."

Kesho! Kijana akavaa viatu bila soksi.

"Unaenda wapi?" kaka akauliza, sauti imeshuka. "Mdogo wangu, ukimwambia umenimaliza."

"Na mama alipomwambia fundi, mimi hamkunimaliza?"

"Baba, rudi ukae, tuongee," mama akaita. Alikuwa anamwita hivyo tangu yuko mgongoni, na siku zote jina hilo lilimlainisha. Safari hii lilimchoma.

Akapita katikati yao bila kumgusa mtu, akatoka, akaufunga mlango, akashika njia ya kwa fundi.