Gesi ya Shemeji

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa stoo.

Stoo yenyewe ilikuwa ya mshonaji. Humo aliweka vitambaa, bitana na magauni ya wateja yaliyosubiri kupindwa. Kaka wa mumewe alipopunguzwa kazi kwenye kampuni ya bima akaja "kupumzika kidogo", na vitambaa vikahamia chini ya kitanda. Stoo ikajaa ndoo zenye harufu ya mkate uliochacha, mipira ya maji, mapipa ya chuma na jokofu kuukuu lililong'olewa rafu. Shemeji alikuwa anatengeneza bia. Mwenyewe alisema yuko kwenye utafiti. Mumewe alimwita Kaka. Mshonaji, kimoyomoyo, alimwita Profesa Povu.

Kumdharau hakukumtoa jasho. Mtu mzima anaamka jua limeshawaka, anakunywa chai iliyochemshwa na wenzake, kisha anawahubiria hao hao kwamba hawajui kunywa. Bia ya dukani kwake ilikuwa maji ya kuoshea vyombo. Wanaoinywa aliwaita kondoo.

Bia yake ya kwanza ilipoiva, aliitia kwenye pipa, akaliingiza pipa jokofuni, akaliunganisha kwa mpira na mtungi wa gesi ya soda, ile inayotia povu.

"Sasa hivi imelala, shemeji," alimweleza mshonaji bila kuulizwa. "Gesi inaingia pole pole, inayeyuka humo humo. Mpaka Jumapili itakuwa inachemka kwenye glasi."

"Aliyekuletea mtungi alisema mlango wa stoo uachwe wazi. Na ukague viungio kama vinavuja."

"Yule anajua kubeba mitungi. Bia ataijulia wapi?"

Akaufunga mlango ili joto lisiingie. Jumapili walikuwa wanakuja wenzake wa zamani wa bima kuonja, na tangu hapo habari ndani ya nyumba ile ikawa ni Jumapili tu.

Jumamosi mchana mshonaji aliingia stoo kuchukua bitana moja iliyosahaulika juu ya kabati. Shemeji alikuwa amekaa sakafuni kando ya mtungi, kidevu kifuani, spana mkononi. Amelewa, mshonaji alijisemea. Mchana kweupe, na glasi hata hajaiosha. Akamsukuma mguu kwa ncha ya kandambili.

"Shemeji, ondoka hapo nipite."

Mshonaji aliinama kumtazama, na pua ikamuwasha kama mtu aliyepaliwa na soda. Kichwa kikaanza kugonga. Akavuta pumzi, ikawa kama hajavuta kitu. Ndipo alipousikia mtungi ukilalama kwa sauti nyembamba pale mpira ulipoungana na nati.

Hakufikiri. Alibana pumzi, akamshika yule bwana kwa ukosi na mkanda, akamburuta kama gunia la mkaa. Alikuwa mzito kwa mtu asiyefanya kazi. Mlangoni walianguka wote wawili, mshonaji akihema, goti limechubuka.

Shemeji alikohoa. Akafungua jicho moja.

"Hujagusa geji ya mtungi?" akauliza.

Mshonaji aliutazama mlango wa stoo. Angeweza kumrudisha ndani.

Jioni mumewe aliporudi, Shemeji alikuwa sebuleni ameshaoga. Alisema kizunguzungu kilimpata, kwa sababu ya kutokula vizuri. Mumewe akamgeukia mkewe kwa jicho la kuuliza kulikoni na chakula.

"Ndugu yako alikuwa anakufa," mshonaji alisema. "Nimemtoa mimi. Na huyo ndugu yako akisikia njaa, sufuria anaijua ilipo."

Mumewe aliinama akaanza kuvua viatu. Ndiyo kawaida yake mbele ya Kaka.

Jumapili wenzake wa bima walikuja na viatu vinavyong'aa. Shemeji alikuwa amekaza nati, akafungua bomba kwa madaha. Bia ikashuka kwenye glasi kimya kimya, bila povu wala kiputo kimoja. Gesi yote ilikuwa imeishia stoo.

"Huu ni mtindo wa zamani," Shemeji alisema, hata kope haikumcheza. "Povu ni la watoto."

Wageni walitikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja alifumba macho kama anayesikiliza dua, akasema anasikia ladha ya nafaka. Mshonaji, aliyekuwa akipita na sinia, alisimama.

"Hakuna cha mtindo wa zamani," alisema. "Gesi yake aliivuta mwenyewe jana, nikamkuta chini amezimia."

Walicheka sana. Shemeji alicheka kuwapita wote, akasema shemeji yake ana utani. Mshonaji aliwatazama mmoja mmoja, watu wazima waliovaa tai, akaendelea na sinia jikoni.

Jumatatu alimwita seremala, mlango wa stoo ukang'olewa pamoja na bawaba zake. Shemeji alisema joto litaharibu utafiti. Mshonaji alimwomba asogeze mguu ili seremala apite.

Haikupita wiki, yule aliyesikia ladha ya nafaka akampa Shemeji gereji yake. Shemeji akahama akinung'unika kwamba nyumba ile haina mtu wa kuthamini kazi. Mumewe alisimama getini uso umemshuka. Mshonaji aliushika mtungi upande mmoja akausaidia kupanda garini, maana kumwachia Shemeji peke yake kungechukua siku nzima, kisha akarudi ndani akaanza kuvuta vitambaa vyake kutoka chini ya kitanda.