Mbegu ya Bi Huwaida

Mimi sitaki mgeni anione na kasoro, na tabia hiyo nusura iniumbue.

Nadra alifika kwetu Mbwajumali asubuhi, binti wa kituo cha utafiti wa mimea. Alitaka mbegu ya mahindi aliyoniachia marehemu mamangu, yale yanayowahi kukomaa hata mvua ikikatika mapema. Akanisomea karatasi nzima: mbegu itakwenda wapi, itafanyiwa nini, na kwamba mwingine akiitaka, nitaulizwa upya. Ebo! Waliomtangulia walijichotea tu, hata ahsante hawakusema. Akauliza jina langu na la mama, nikamtajia, nikatia sahihi.

Nikaingia jikoni. Mahindi ya mama yalibaki matano, yananing'inia juu ya jiko kama alivyonifunza yeye, ili moshi ufukuze wadudu. Meusi kwa masizi! Nimpe mgeni kitu kama hicho, akanisemee huko? Nikachota mahindi niliyonunua duka la mjini Amu, meupe, yamepetwa yakatakata, nikamjazia kibaba.

"Umeyatunza vizuri, Bi Umulkheir," akasema. Akaandika kwenye mfuko, kisha akasoma kwa sauti: "Mbegu ya Bi Huwaida, Mbwajumali."

Jina la mama hilo! Mama alilima shamba lile miaka hamsini, na hakuna karatasi hata moja iliyomtaja. Leo ametajwa, nami nimemtilia mahindi ya duka!

Nikamsaidia kufunga mfuko, mjinga mimi. Nadra akaaga, akaondoka. Alipokaribia gati nikashindwa. Nikayaangua yale matano, nikashika ndia mbio, buibui linapepea, watu wananicheka.

"Nimekudanganya!" nikamwambia, hata sijapumua. "Hayo ni ya dukani. Haya ndiyo ya mama. Niliona haya, wallahi, kwa uchafu wake."

Akayapokea, akayanusa. "Ungeniacha niende, tungepanda mahindi ya duka miaka mitatu tukiyaita ya mamako," akasema polepole. Akafungua mfuko, akanimiminia zile punje za duka kwenye pindo la leso. "Wewe wahitaji mangapi ya kupanda?"

"Matatu."

"Basi matatu rudi nayo."

Akapukuchua mawili yaliyobaki, akayatia mfukoni, akaniuliza habari ya moshi, akaiandika nayo. Kisha akanipa mfuko nisome. Nilipouona wino wa jina la mama, nikalia palepale gatini. Vidole vyangu vikaacha masizi kando ya jina. Nikataka kuyafuta kwa ncha ya buibui.

"Wacha," akasema Nadra.